Deni Letu kwa Walionyoosha Mkono

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wetu wa mitaa, viongozi wa dini, ndugu wajumbe wa bodi za ushauri za jamii, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wenzangu wa asasi za kiraia, na kwa namna ya pekee ninyi akina mama na akina baba ambao mmewahi kushiriki katika majaribio ya chanjo dhidi ya VVU: wakubwa zangu shikamooni, na wengine wote nawasalimu.

Nimealikwa leo, tarehe 18 Mei, siku ambayo kila mwaka hutumika kuhamasisha utafutaji wa chanjo dhidi ya VVU, ili nieleze kazi ya utetezi inayofanywa na mashirika yasiyo ya kiserikali kama letu. Ningeweza kuanza na mafanikio, kwa kuwa yapo. Nimeona hata hivyo kwamba ni haki nianze na swali nililoulizwa miaka kadhaa iliyopita na mama mmoja muuza parachichi, ambaye alikuwa mshiriki katika jaribio mojawapo la chanjo, na ambaye mimi mwenyewe ndiye niliyefika nyumbani kwake mara ya kwanza kumweleza habari za utafiti huo. Alinikuta njiani, akatua ndoo yake, akaniambia: "Mwanangu, nimesikia redioni kwamba ile chanjo imeshindwa. Ulipokuwa unautaka mkono wangu uliijua njia ya kufika kwangu. Habari ya kushindwa ilipofika, mbona umeniachia redio?"

Sikuwa na jibu. Shirika letu lilikuwa limetoa taarifa kwa vyombo vya habari, lilikuwa limeketi na wadau, tulikuwa tumeisoma ripoti na kuijadili kwa maneno ya kitaalamu, lakini hakuna hata mmoja wetu aliyekipanda kilima kile kwenda kumwambia yule mama. Tangu siku ile nimekuwa nikiitazama kazi yetu kwa jicho lingine. Tumezoea kuhesabu watu tuliowahamasisha, mikutano tuliyoifanya na vipeperushi tulivyovigawa, ilhali hatuna hesabu ya watu tuliowarudia baada ya sindano ya mwisho kuwaeleza kilichopatikana na kilichokosekana. Kwa hiyo leo naomba nizungumzie deni, na naomba mnivumilie, maana deni hili lina historia ndefu.

Tarehe yenyewe tunayoiadhimisha ilizaliwa na ahadi. Tarehe 18 Mei 1997, Rais Bill Clinton wa Marekani, akihutubia mahafali ya Chuo Kikuu cha Morgan State mjini Baltimore, aliitaka nchi yake ipate chanjo ya UKIMWI katika muda wa miaka 10. Kabla yake, mwezi Aprili 1984, Waziri wa Afya wa nchi hiyo, Margaret Heckler, alikuwa amewaambia waandishi wa habari kwamba anatumaini chanjo ingekuwa tayari kuanza kujaribiwa baada ya miaka takriban 2. Miaka yote hiyo ilipita na chanjo haikupatikana. Siwataji viongozi hao ili kuwalaumu, kwa sababu wakati ule hata wanasayansi wengi hawakuwa wameutambua ugumu wa kirusi hiki. Nawataja kwa sababu sisi watetezi tulirithi kwao mazoea ya kutaja tarehe. Tulisema "hivi karibuni", tukasema "tumekaribia", tukasema "kizazi hiki hakitapita", na kila tarehe ilipopita mikono mitupu, aliyebaki na aibu ya kuulizwa na majirani alikuwa yule aliyechanjwa.

Nao waliochanjwa ni watu wetu tangu mwanzo. Jaribio la kwanza la chanjo ya VVU barani Afrika lilifanyika Uganda mwaka 1999, kwa watu 40 waliojitolea. Mwaka 2001 Kenya ikafuata, katika Chuo Kikuu cha Nairobi, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Oxford na shirika la IAVI, ambalo lilianzishwa mwaka 1996 kwa ajili ya kazi hii ya chanjo. Hapa Tanzania, mwaka 2007, watafiti wa Muhimbili na wenzao wa Sweden walianza jaribio jijini Dar es Salaam kwa watu 60 waliotoka miongoni mwa askari polisi. Mbeya nayo ikaingia, na majaribio yakaendelea huku na kule. Fikirini askari polisi wa mwaka 2007, wakati ambapo mtu alikuwa akionekana karibu na jengo lenye neno UKIMWI mlangoni anaanza kunong'onwa mtaa mzima, anavyokwenda kwa hiari yake kuchomwa sindano ya chanjo ya ugonjwa huo, kisha anarudi kambini kwa wenzake. Ujasiri wa namna hiyo hauna nishani katika nchi zetu.

Naomba nisimame kidogo Majengo, Pumwani, Nairobi. Tangu miaka ya 1980, watafiti wa Nairobi na wenzao wa Canada walikuwa wakiwahudumia na kuwafuatilia wanawake wa mtaa ule waliofanya biashara ya ngono, wakagundua kwamba baadhi yao, ijapokuwa walikutana na VVU mara nyingi mno, hawakuambukizwa. Damu yao ilionyesha seli za kinga zilizokuwa zimejifunza kukitambua kirusi na kuziua seli zilizoingiliwa nacho, na maarifa hayo ndiyo yaliyowapa wanasayansi wazo la chanjo iliyojaribiwa Nairobi mwaka 2001. Hata funzo la kusikitisha lilitoka kwao, kwamba baadhi ya wanawake hao walikuja kuambukizwa baada ya kupumzika kazi ile kwa muda, jambo lililowafundisha watafiti kwamba kinga ile haikuwa ya kudumu. Mwaka 2000 palizuka mvutano baina ya watafiti wa Nairobi na wenzao wa Uingereza juu ya hataza ya chanjo hiyo, yaani nani aandikwe kuwa mwenye uvumbuzi, na baada ya mazungumzo mambo yalitengenezwa. Nimeusoma mvutano huo mara nyingi, na kila mara najiuliza jina la mwanamke wa Majengo lingeandikwa katika mstari gani wa hataza ile. Chanjo yenyewe haikufika mbali, lakini swali hilo halijazeeka.

Dunia haikukosa onyo. Mwaka 2004 nchini Cambodia, jaribio la vidonge vya kinga lilifungwa na serikali kabla halijaanza, baada ya wanawake waliokuwa wafanywe washiriki kuuliza nani atawatibu wakipata madhara na nani atawatunza utafiti ukiisha. Mwaka 2005 jaribio la aina hiyo likasimamishwa Cameroon. Walikuwapo waliowaita wanaharakati wale maadui wa sayansi. Mimi nadhani waliisaidia sayansi, kwa sababu ni baada ya misukosuko hiyo ndipo shirika la utetezi la AVAC, lililoanzishwa mwaka 1995, likishirikiana na UNAIDS, shirika la Umoja wa Mataifa la kupambana na UKIMWI, lilipotoa mwaka 2007 miongozo ya ushirikishwaji bora wa jamii katika majaribio ya kinga ya VVU, ikafanyiwa marekebisho mwaka 2011. Bodi za ushauri za jamii ambazo wengi wenu mmo ndani yake hupimwa leo kwa miongozo hiyo. Inasema jamii ishirikishwe tangu utafiti unapobuniwa hadi matokeo yanaposambazwa, na neno lililosahauliwa zaidi katika sentensi hiyo ni hilo la mwisho.

Basi nitimize wajibu huo hapa hapa, niwaeleze matokeo bila kupaka rangi.

Mpaka leo, jaribio moja tu kubwa ndilo lililowahi kuonyesha dalili ya kinga. Lilifanyika Thailand, likahusisha watu zaidi ya 16,000, na mwaka 2009 likatangaza kwamba chanjo ilipunguza maambukizi kwa takriban asilimia 31, kiasi ambacho hakikutosha kuipeleka kwa wananchi. Afrika Kusini ilipojaribu kuujenga ule msingi kwa aina ya kirusi iliyoenea huko, katika utafiti ulioitwa Uhambo, yaani safari, wenye washiriki zaidi ya 5,400, sindano zilisimamishwa Februari 2020. Bodi huru inayofuatilia usalama ilikuwa imekuta maambukizi 129 kati ya waliopata chanjo na 123 kati ya waliopata plasebo, ambayo ni sindano isiyo na chanjo ndani yake. Tofauti hiyo ni ndogo mno kusema kwamba chanjo iliwadhuru watu. Ilichosema wazi ni kwamba haikuwakinga. Ukaja utafiti wa Imbokodo, neno la huko lenye maana ya jiwe la kusagia, uliohusisha wanawake vijana wapatao 2,600 katika Malawi, Msumbiji, Zambia, Zimbabwe na Afrika Kusini. Mwaka 2021 ukafungwa, kwa kuwa walioambukizwa walikuwa 51 upande wa chanjo na 63 upande wa plasebo, pengo ambalo lingeweza kutokea kwa bahati tu. Januari 2023 ukafungwa utafiti mwingine mkubwa wa Mosaico, huko Amerika na Ulaya.

Ukabaki mmoja tu duniani uliokuwa bado unapima kama chanjo inakinga, na huo ulikuwa wetu: PrEPVacc, ulioongozwa na Waafrika chini ya Profesa Pontiano Kaleebu wa Uganda, wenye washiriki 1,512 kutoka Masaka, Mbeya, Dar es Salaam na Durban. Uliunganisha chanjo na dawa kinga, yaani dawa anayotumia mtu asiye na VVU ili asiambukizwe, katika utafiti mmoja, ili kila mshiriki awe na njia ya kujikinga wakati chanjo inapimwa. Novemba 2023 sindano za chanjo zilisitishwa, na Oktoba 2024, katika mkutano wa watafiti uliofanyika Lima, Peru, ikathibitishwa kwamba chanjo zile hazikupunguza maambukizi.

Nimezitaja namba hizi kwa sababu nimechoka kusikia katika vikao vyetu zikisemwa kwa mafumbo. Mtu mzima aliyenyoosha mkono anastahili kuambiwa "haikukinga" kwa neno hilo hilo. Anastahili pia kuambiwa sababu, na sababu zinaelezeka.

Kirusi cha surua ni kile kile mwaka hadi mwaka, na mtu akiugua akapona, mwili wake umekwisha kuonyesha njia, ambayo chanjo huifuata. VVU hubadilika ndani ya mwili wa mtu mmoja kila siku, hujifunika kwa utando wa sukari unaofanana na ule wa mwili wenyewe, na hujificha ndani ya vinasaba vya seli zile zile zinazopaswa kutulinda. Zaidi ya hayo, karibu hatuna mtu ambaye kinga yake ya asili imekuwa ikikifuta kirusi hiki kama inavyofuta surua, kwa hiyo hatuna nyayo za kufuata. Wapo wachache wanaoishi na VVU ambao baada ya miaka mingi miili yao hutengeneza kingamwili zenye uwezo wa kuzima aina nyingi za kirusi kwa pamoja. Kazi inayoendelea sasa ni kuufundisha mwili usioambukizwa ufike huko, hatua kwa hatua, kama mtoto anavyoanza na irabu, akaja kwenye silabi, kisha akasoma neno zima. Katika jaribio dogo lililochapishwa mwishoni mwa mwaka 2022, hatua ya irabu ilifanikiwa kwa washiriki 35 kati ya 36 waliopata chanjo hiyo. Mwaka 2025 yakachapishwa matokeo ya jaribio lililofuata, kwa teknolojia ya mRNA, inayozipa seli za mwili maelekezo ya kutengeneza kitu cha kuifundishia kinga, ambalo washiriki wake 18 walikuwa Kigali na Afrika Kusini, na huko nako mwili uliitikia vizuri, ingawa katika majaribio hayo ya mRNA baadhi ya washiriki walipata madhara ya ngozi yanayohitaji kuchunguzwa kabla ya kusonga mbele. Hatujafika kwenye neno zima, na yeyote atakayewatajia mwaka wa kupatikana kwa chanjo, mwombeni awaonyeshe anakoutoa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wataalamu hulipitia haraka, na ambalo katika mitaa yetu ndilo linalovunja ndoa na ajira. Chanjo humfundisha mtu kutengeneza kingamwili. Vipimo vya haraka vya VVU tunavyovitumia vituoni hutafuta kingamwili hizo hizo. Kwa hiyo mtu aliyepata chanjo ya majaribio anaweza kupima na kuonekana ana VVU wakati hana kirusi hata kimoja mwilini, na hali hiyo inaweza kudumu kwa miaka. Ndani ya chanjo hizi hamna kirusi kizima kinachoweza kuambukiza, na uvumi kwamba washiriki "walipandikizwa" hauna msingi. Lakini jaribuni kumweleza hayo mchumba aliyekwisha kutoa mahari, au mchungaji ambaye kanisa lake linadai cheti cha kupima kabla ya kufunga ndoa, au daktari wa usaili katika jeshi, au muuguzi wa benki ya damu ambaye hajawahi kusikia kitu cha namna hiyo.

Washiriki hupewa kadi ya utambulisho yenye namba ya simu ya kituo cha utafiti, na hushauriwa wasipime kwingine bali warudi kituoni, ambako kipo kipimo kinachotafuta kirusi chenyewe. Utaratibu huo ni mzuri kadiri kituo kinavyokuwapo. Lakini miradi ina mwisho, simu hubadilishwa, wafanyakazi huhama, na kadi hubaki imekunjwa ndani ya kanga. Kijana mmoja alinieleza namna alivyokaa siku tatu bila kula baada ya kupimwa katika zahanati ya mbali na kwao na kuambiwa majibu bila mtu yeyote kumuuliza kama amewahi kuchanjwa. Alikuja kutulia pale kituo cha utafiti kilipompima upya na kumthibitishia kwamba hana VVU. Siku tatu hizo hazimo katika jedwali lolote la madhara. Kila ninapokaa katika kikao cha kupitia utafiti mpya, swali langu la kwanza huwa ni nani atakayepokea simu ya mshiriki huyu miaka 10 baada ya mfadhili kuondoka, na siungi mkono utafiti usiokuwa na jibu lililoandikwa na kutengewa fedha.

Ndugu zangu, deni la pili ni matunda. Majaribio ya chanjo yalipokuwa yakianguka, majaribio ya njia nyingine za kinga yalikuwa yakifaulu, na yalifaulu juu ya miili ya watu wa kanda hii. Tohara ya hiari ya wanaume ilithibitishwa mwaka 2006 na majaribio ya Kisumu, Kenya, na Rakai, Uganda, kuongezea lile la Afrika Kusini, kwamba humpunguzia mwanamume hatari ya kuambukizwa kwa takriban asilimia 60. Mwaka 2011 jozi za wenza zaidi ya 4,700 wa Kenya na Uganda, mmoja akiwa na VVU na mwenzake akiwa hana, walitupatia ushahidi kwamba dawa kinga ya kumeza kila siku hupunguza maambukizi kwa asilimia 75.

Mwaka huo huo utafiti mwingine wa vidonge, ambao sehemu yake ilikuwa Bondo, Kenya, ulisimamishwa kwa kuwa haukuonyesha kinga, na baadaye ikagundulika kwamba wanawake wengi waliopewa vidonge hawakuvimeza. Walikuwapo waliosema wanawake wale hawakujali. Waliokaa nao wakawasikiliza walipata maelezo mengine kabisa: kwamba vidonge hivyo vinafanana na dawa za kufubaza VVU, kwamba chupa yake hulia mkobani mtu akitembea, kwamba mume akiviona atauliza ni vya nani, na mama mkwe hatasubiri hata kuuliza. Maelezo hayo yalizipa nguvu juhudi za kutafuta kinga isiyoonekana, ikiwamo pete ya ukeni ya dapivirini, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2021, na sindano ya kabotegraviri ya kila miezi miwili, iliyojaribiwa kwa wanawake zaidi ya 3,200 katika nchi 7 za Afrika, Kenya na Uganda zikiwamo.

Kisha ikaja lenakapaviri, sindano ya mara mbili tu kwa mwaka, inayochomwa chini ya ngozi ya tumbo. Katika utafiti uliotangazwa mwaka 2024, uliofanyika Uganda na Afrika Kusini, wasichana na wanawake vijana 2,134 waliopewa sindano hiyo walifuatiliwa, na hakuambukizwa hata mmoja. Nilipoisoma habari hiyo nilirudia mstari ule mara mbili, kwa kuwa katika miaka yangu yote ya kazi hii sikuwa nimewahi kuona sifuri katika safu hiyo. Juni 2025 dawa hiyo iliidhinishwa Marekani kwa bei ya dola 28,218 kwa mtu mmoja kwa mwaka, na Julai 2025 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza. Ilikuwa ni kelele za watetezi, na hesabu za watafiti walioonyesha kwamba inaweza kutengenezwa kwa bei ndogo sana, zilizosaidia kufikisha mambo mahali ambapo, Septemba 2025, yalitangazwa makubaliano ya kutengeneza dawa ya namna hiyo hiyo kwa dola 40 kwa mwaka, kwa nchi 120, kuanzia mwaka 2027. Pengo kati ya bei hizo mbili liwe jibu kwa wanaosema utetezi ni maneno matupu.

Lakini dola 40 nazo ni fedha, na msichana wa Masaka au wa Kyela hana dola 40. Hapa ndipo mambo yanapokuwa mazito. Januari 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na hata ilipofungua mlango kwa baadhi ya huduma za VVU, dawa kinga iliruhusiwa kwa wajawazito na wanaonyonyesha tu. Watu waliokuwa wakijikinga, na ambao kesho yake hatari yao ilikuwa ile ile ya jana, waliondolewa katika orodha. Mradi wa utafiti wa chanjo ulioongozwa na wanasayansi wa Afrika wenyewe, kutokea Afrika Kusini, ambao ulikuwa umeahidiwa zaidi ya dola milioni 45, ulipoteza fedha hizo ukiwa mlangoni pa kuanza. Mei 2025 Marekani ikaamua kutoendeleza ufadhili wa vituo vyake viwili vikuu vya utafiti wa chanjo ya VVU. Maabara za kwetu zilizojengwa kwa miaka 20 zikawa zinapunguza mafundi waliosomeshwa kwa shida.

Wapo wanaoniuliza, na wananiuliza kwa nia njema, kwamba ikiwa ipo sindano ya miezi sita inayokinga namna hii, chanjo ya nini tena? Jibu langu limo katika mwaka huo wa 2025. Kinga inayohitaji kurudiwa kila miezi sita hudumu kadiri meli ya dawa inavyoendelea kufika, kadiri kliniki inavyokuwa wazi, kadiri mtu aliye mbali anavyoendelea kutia sahihi. Mwaka 2024 watu milioni 1.3 waliambukizwa VVU duniani, na 630,000 walikufa kwa magonjwa yatokanayo na UKIMWI, na hiyo ilikuwa kabla ya mlango kufungwa. Chanjo humwachia mtu kinga ndani ya mwili wake mwenyewe, ambapo hakuna ofisi inayoweza kuisitisha kwa barua. Ndiyo maana sitaki tuchague moja kati ya hizo mbili. Sindano ya sasa iwafikie wanaoihitaji sasa, na utafiti wa chanjo usizimwe kwa kisingizio kwamba sindano ipo.

Nani alipe? Aprili 2001 wakuu wa nchi za Afrika walikutana Abuja, wakaahidi kutenga angalau asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya, na ni nchi chache mno zilizowahi kuitimiza ahadi hiyo. Hapa kwetu upo Mfuko wa UKIMWI uliowekwa kisheria, na katika bajeti ya 2025/26 Serikali ilipendekeza tozo katika baadhi ya bidhaa, vikiwamo vileo, ili kuuchangia mfuko huo pamoja na bima ya afya kwa wote. Naipongeza hatua hiyo bila kusita. Ninachoomba kwa waheshimiwa wabunge, na ninachowaomba ninyi mkawaombe kila watakaporudi majimboni, ni kwamba kinga iwe na fungu lake lililoandikwa, na ndani ya fungu hilo utafiti uwe na mstari wake, hata ukiwa mdogo. Nchi inayochangia utafiti kwa mikono ya watu wake peke yake huketi mwisho wa meza wakati wa kugawana matunda, na wanawake wa Majengo wamekwisha kutuonyesha hilo.

Kwa wajumbe wa bodi za jamii nina ombi la kazi ya kuanza kesho. Chukueni orodha ya majaribio yote yaliyopita katika maeneo yenu, muulize vituo husika ni washiriki wangapi waliofikishiwa matokeo kwa mdomo na kwa lugha wanayoielewa, na ni wangapi bado wanaonekana wana VVU kwenye vipimo vya haraka. Msiombe majina, kwa maana siri za washiriki ni zao. Ombeni idadi, na ombeni mpango. Kwa waganga wafawidhi walioko hapa, naomba swali moja liongezwe katika unasihi kabla ya kupima: "Umewahi kushiriki jaribio la chanjo?" Kwa viongozi wetu wa dini, naomba mjue kadi hiyo inafananaje, ili siku itakapowekwa juu ya meza yenu na kijana anayetaka kuoa, mpige simu iliyoandikwa juu yake kabla hamjawaita wazazi.

Yule mama muuza parachichi nilimrudia, nikiwa nimechelewa sana. Tulikaa kwenye benchi nje ya nyumba yake, nikamweleza yote niliyowaeleza leo, pamoja na sindano mpya, nikamwomba radhi. Alinisikiliza hadi mwisho, akaingia ndani, akatoka na kadi yake ya utafiti ikiwa ndani ya kijaluba cha plastiki, safi kama siku aliyopewa. Akaniuliza kama namba ile ya simu bado inafanya kazi. Tuliipiga pale pale, mbele yake, ikapokewa. Ndipo akaniambia: "Haya. Wakianza tena, uje wewe mwenyewe, unieleze na hiyo ya kushindwa kabla sijakuuliza. Nikishasikia, nitaamua."